Mizani ya Kevina na kompyuta ya Injinia

Kevina amepima viazi vitamu kwenye ghala moja la Malaba kwa miaka ishirini, na hakuna dereva aliyewahi kumrudishia gunia. Basi mwone asubuhi ile, mikono kiunoni, lori linanguruma, viazi vimeanza kutoa jasho, na kompyuta mpya inakataa kutoa kibali. Ilisema uzito haulingani na agizo la tani moja.

"Gunia kumi, kila moja kilo mia," alisema Kevina. "Sasa kompyuta yako inataka nini, Injinia? Soda?"

Lenox, aliyeunda mfumo huo na kujiita Injinia, alifungua hesabu. Kila gunia, tani 0.1. Jumla ya yote kumi, 0.9999999999999999.

"Mama, hizi ni namba za kukadiria. Kompyuta haiwezi kuishika sehemu ya kumi sawasawa, inaikaribia tu."

"Inakaribia! Ulikaa chuo miaka minne kusomea kukaribia? Bibi yangu hakujua kusoma, na gunia kumi kwake zilikuwa kumi."

"Kuna aina ya namba isiyokadiria, desimali kamili. Ila hii ya kukadiria niliona inakwenda mbio zaidi."

"Mbio kwenda wapi? Lori si limesimama hapa?"

Wapakiaji walicheka hadi wakashikilia ubavu wa lori. Lenox, uso umemwiva, akabadilisha aina ya namba kuwa desimali kamili. Jumla ikaja moja, kibali kikatoka, lori likaondoka.

Kevina hakumshukuru. Alipandisha gunia lingine kwenye mizani.

"Soma," alimwambia. "Kwa mdomo, nisikie kama umejifunza."