Bibi Selina Alipomwambia Mwingine

Ndugu zake walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, Bibi Selina alishindwa kutembea kuwafuata, akapelekwa kwenye nyumba ya wazee ya misheni karibu na Itigi. Huko Febronia, mhudumu wa pale, ndiye aliyemlisha, kumwogesha na kumgeuza kitandani. Watu walimwita yule bibi "mzee wa Febronia", na Febronia alipenda kusikia hivyo. Kila asubuhi alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akauliza ameamkaje, akajibiwa hajambo, naye akamwambia bibi amepata nafuu. Akaridhika.

Kisha akaletwa Luciana, binti kutoka Ihanja, kusaidia kazi. Wiki haijaisha, Luciana akamwambia sista msimamizi kuwa bibi ana maumivu makali ya nyonga. Alikuwa ameona anavyobana pumzi akigeuzwa, na uji anavyouacha siku za baridi. Akamuuliza taratibu, bibi akamweleza yote. Sista akaagiza apewe aspirini kabla ya kuogeshwa, akandwe kwa maji moto, na awekewe mto katikati ya magoti.

Moyo ulimchoma Febronia. Akaenda kwa sista kusema bibi anadekezwa tu na mgeni. Lakini bibi alianza kumaliza uji, akawa analala mchana bila kuguna, na akiamka anamuulizia Luciana. Hilo ndilo lililomuuma Febronia kuliko yote. Salamu za mwenzake akawa anaziitikia kwa mkato, na shuka anafua peke yake.

Siku moja, akimsuka bibi nywele, akashindwa kuvumilia.

"Bibi, kwa nini hukuniambia mimi?"

"Kila asubuhi ulikuwa unaniambia nimepata nafuu, mjukuu wangu. Ulikuwa unafurahi. Nikaona nisikuharibie."

Febronia alimaliza kusuka, akatoka nje, akakaa nyuma ya jiko mpaka macho yalipokauka.

Kesho yake, wakati wa kuogesha, alimwomba Luciana amwonyeshe anavyomshika bibi. Wakamgeuza pamoja, Febronia akimtazama usoni.

"Hapa panauma?"

"Panauma," bibi akasema. "Shusha mkono kidogo."

Akaushusha.

Wivu haukuisha siku ile. Jioni bibi aliita, "Luciana," na Febronia akajifanya hasikii, akaendelea kukoroga uji. Bibi akaita tena. Febronia akaweka mwiko chini, akaenda kumwita mwenzake.