Kopo la Firigisi

Kabla hajajua kusoma, alijua nyongo. Mama yake alikuwa mchinja kuku nyuma ya soko, kwenye kibanda cha mabati chenye pipa la maji moto, na mtoto alishinda juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho hayabanduki. "Hapa taratibu," mama alimwambia, akimwonyesha kile kifuko cha kijani kilichojibanza chini ya ini. "Kikipasuka, kuku mzima mchungu." Alipofika miaka minane alikuwa akiitoa nyongo nzima, kama mtu anayemtoa mwiba mtoto aliyelala.

Tena alikuwa na maswali. Kwa nini firigisi ina mawe ndani? Kwa nini tetea huyu ana viini vimejipanga tumboni, kuanzia kikubwa hadi kile kama punje ya mtama?

"Kamwulize aliyewaumba," mama alicheka, kisha akawageukia wateja. "Huyu wangu ni daktari. Mtakuja kuniambia."

Mwaka wa pili wa sekondari, mwalimu wa biolojia alichora moyo ubaoni, akasema una vyumba vinne. Msichana akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hata wa kuku una vinne. Nimeona."

"Ulete, nasi tuone."

Kesho yake asubuhi alichagua mioyo sita na firigisi tatu, moja ameiacha na mawe yake, akavisuuza, akavipanga kwenye kopo la siagi. Kipindi kilikuwa cha pili. Lakini walimu waliitwa kikaoni, na biolojia ikasogezwa hadi mchana. Angeweza kulitupa lile kopo, ila ahadi ni deni. Akaliacha chini ya dawati, chini ya paa la bati, na jua halina huruma.

Alipofungua kifuniko, aliyekaa dirishani alirukia nje. "Firigisi!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, na jina likamganda hapo hapo. Mwalimu aliziba pua, naye anacheka. "Binti, hili ni darasa, si jikoni kwenu. Katupe huko."

Labda alitania tu. Lakini mzaha mzaha hutumbua usaha. Msichana alimtazama, akingoja akumbuke kwamba yeye ndiye aliyesema ulete. Mwalimu alikuwa ameshageuka, anaufuta moyo ubaoni.

Tangu siku hiyo akawa anasugua mikono kwa limau kila asubuhi mpaka ngozi inawasha. Kibandani akaacha kwenda. Alisema masomo yamezidi. Darasani hakunyoosha mkono hata pale alipolijua jibu, maana jirani yake alikuwa tayari na lake: "Leo tunapika nini, Firigisi?"

Mwisho wa mwaka ikaja karatasi ya kuchagua: sayansi au sanaa. Alama zake za biolojia zilikuwa bado za juu. Akatia alama kwenye sanaa, akaikandamiza kalamu karibu karatasi itoboke. Ilibaki mzazi kuidhinisha, na mama hakujua kusoma. Ikabidi ampelekee kibandani.

"Hii ndiyo ile ya udaktari?"

Msichana alilitazama pipa. "Ndiyo, mama."

Mama alipangusa mikono kwenye aproni mara tatu, akachovya dole gumba kwenye wino, akalibandika kwa heshima zote. Kinyoya kimoja kikanasa kwenye wino. Alikipuliza, hakikutoka.

Sasa Firigisi ni mtu mzima, ana mtoto wake mwenyewe, na anakaa kwenye dirisha la mapokezi hospitalini akiandika kadi za wagonjwa. Makarani wamepewa makoti meupe. Mama aliwahi kuliona lile koti kwenye kamba ya nguo, akalishika ncha, akatabasamu. Binti akaendelea kuanua nguo nyingine.

Jumatatu moja mama alikuja hospitalini bila taarifa, miguu imevimba, pumzi zinakatika. Akaketi kwenye benchi na kumwambia mwanamke wa jirani, "Mwanangu yumo humu. Ndiye atakayenipima." Zamu yake ilipofika, akaangaza macho dirishani.

"Kumbe uko huku mlangoni! Haya, nipeleke chumbani kwako."

"Mama, sina chumba. Mimi naandika kadi tu. Daktari yuko namba tatu."

"Jamani, foleni!" mtu akalalamika nyuma.

Mama aliliangalia koti, akaiangalia kalamu, akatua kwenye ile mikono.

"Tangu lini?"

"Tangu ile karatasi."

"Na mimi nikaiwekea dole gumba." Alishika ukingo wa dirisha akivuta pumzi. "Basi niandike vizuri, wasinichanganye na mtu."

Akamwandika. Jina, umri, mtaa. Aliiona ile miguu, aliisikia ile pumzi, akahisi ni moyo. Lakini kadi haina mahali pa karani kuandika anachohisi. Akaipitisha dirishani, vidole vyao vikagusana, na vya mama vilikuwa baridi.

Mama akarudi kwenye benchi kwa hatua fupi fupi.

"Vipi, mwanao amesemaje?" yule mwanamke akauliza.

"Amesema nisubiri," mama akajibu, akageuza uso upande wa ukuta.

Dirishani mgonjwa aliyefuata alikuwa ameshaanza kutaja jina lake.