Nilivyokuwa Msemaji wa Mjukuu Wangu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kwanza kaeni wima. Kila siku mnajaza fomu, za kazi, za masomo, za kwenda ng'ambo, na mkikataliwa mnasema dunia ni mbaya. Mimi niliacha shule darasa la nne, na sijawahi kujaza fomu ndefu kuliko ile ya kliniki. Lakini kuna fomu moja niliijaza kwa mdomo, na tangu niolewe moyo wangu haujadunda vile.

Mjukuu wangu wa kwanza ni wa jina langu. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na mwanangu, aliyemzaa, humwita "mama" mbele za watu bila haya. Kwa hivyo nilimlea kama mtu anavyojichunga mwenyewe. Alipokuwa mdogo, akirudi nyumbani na ripoti ya shule akiimba kwamba amekuwa wa kwanza, nilimwambia aiweke mezani aende akaoshe vyombo. Ripoti ina mdomo wake. Akijisifu yeye ni mimi nimejisifu, na mimi si mtu wa kujisifu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba yetu hapa Waithaka, na hakuna aliyeipinga.

Msichana akakua, akaingia chuo kikuu, akasomea magonjwa ya mimea. Wakati wa haya ninayowaambia alikuwa anamalizia digrii ya pili, na kazi yake ilikuwa juu ya ule ugonjwa unaonyausha viazi. Mmea unalala asubuhi moja kama mtu aliyepigwa na jua, na hauamki tena. Ugonjwa huo naujua, ulinimalizia viazi nilipokuwa bado na shamba. Aliponiambia kuna mafunzo ya wanasayansi vijana ng'ambo, wiki sita, watu kutoka nchi nyingi, na kwamba huko kuna mashine zinazoona ugonjwa ukiwa bado umejificha ndani ya mbegu, nilimwuliza anangoja nini. Akasema mafunzo yenyewe ni ya wakati wa joto. Nikauliza miezi gani. Julai na Agosti. Julai sisi hapa tunavaa sweta mbili na kugombania kiti cha karibu na jiko. Nikamwambia watu wa huko wana mambo yao, lakini aombe.

Mwaka wa kwanza aliomba akakosa. Hakulia mbele yangu. Mwaka uliofuata akaomba tena, na huo ulikuwa wa mwisho, kwa sababu wanataka mtu ambaye bado ni mwanafunzi na yeye alikuwa anakaribia kumaliza. Akikosa hapo, amekosa kabisa.

Maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa, saa sita mchana. Yeye alimaliza kuandika Jumatano, akampelekea mwalimu wake wa chuo asome kabla hajatuma. Mwalimu huyo ni mama wa makamo, mkali, hacheki ovyo. Nampenda sana. Ijumaa saa mbili asubuhi tulikuwa jikoni, na simu ikalia. Mikono ya mjukuu wangu ilikuwa na povu la sabuni, kwa hivyo aliniomba nimbonyezee, na sauti ya mwalimu ikatoka nje, kila mtu asikie.

Hata hakusalimia. "Nimesoma karatasi zako mara mbili na sijakuona," alisema. "Umenisifu mimi. Umesifu wenzako wa maabara, umesifu wakulima, hadi dereva wa gari la chuo. Wewe uko wapi? Ile ya mwaka jana ilikuwa hivi hivi, na ndiyo maana walikukataa. Nani aligundua ile shida ya friji?"

Mjukuu wangu akasema kwa sauti ndogo kwamba walikuwa wengi.

"Usinidanganye, nilikuwepo. Andika upya. Una hadi saa sita." Akakata.

Sitawaficha, kitu cha kwanza kilichonijia ni furaha. Nilijiambia, huyu mtoto nimemlea, hata chuo kikuu hakijamfundisha kujipiga kifua. Halafu lile neno lingine, ndiyo maana walikukataa, likanifikia. Nikatafuta stuli nikakaa. Ni nani aliyemfundisha kujificha? Si yule mwalimu.

Nikamwambia aache vyombo, aandike. Alifungua kompyuta akaikodolea macho robo saa nzima. "Shosho, siwezi," akasema. "Kila nikianza ni kama nakusikia ukiniambia nikaoshe vyombo." Alisema akicheka, lakini macho yake hayakuwa yanacheka.

Hapo hapo stima ikapotea. Kompyuta yenyewe ni nzee, bila stima haimalizi nusu saa. Nikajifunga kitambaa kichwani, nikavaa viatu vya kanisani kwa sababu ndivyo vilivyokuwa karibu, nikamwambia tunaenda kwa mama yake.

Mama yake, mke wa mwanangu, ni karani katika duka la jumla la mablanketi na mashuka kule Ngara, na hapo kuna intaneti na kuna jenereta. Tulipanda gari Dagoretti Corner, tukashuka katikati ya mji, tukakata kwa miguu hadi Ngara, mimi na magoti yangu. Msichana alitaka kunishika mkono nivuke barabara. Nikamwambia aniachilie ashike kompyuta, magoti hayana siku ya mwisho. Saa nne na nusu tulikuwa dukani.

Mwenye duka ni mtu wa pwani, mzee wa kofia na maneno laini. Alitukaribisha nyuma, kati ya marobota ya mablanketi, akatuonyesha soketi, akatuagizia chai bila kuuliza kama tunataka. Mkwe wangu akaja mbio akidhani kuna mgonjwa. Nikamweleza. Akamtazama binti yake, akanitazama mimi, akasogeza marobota tupate pa kukaa. Ni mke mwenye adabu, lakini kuna kutazama na kutazama.

Zikapita dakika kumi. Mjukuu wangu aliandika mstari mmoja akaufuta. Mwenye duka akauliza kuna tatizo gani, nikamwambia mtoto anaona haya kujisifu, na nikamwuliza, kwani si nyinyi wenyewe watu wa pwani mnaosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza?

Akakuna ndevu kidogo. "Bibi," akasema, "aliyeitunga hiyo hakuwa na duka Ngara. Hapa hata kizuri kinaitiwa wateja."

"Kinajiita chenyewe?"

"La. Nakiitia mimi." Na akarudi mbele kuwahudumia watu.

Hapo akili yangu ikafunguka. Kwetu, watu wakija kuposa, kijana mwenyewe hafungui mdomo. Kuna msemaji wake. Msemaji ndiye anayesimama na kusema huyu kijana ni mchapakazi, huyu ni mtu wa watu, huyu akiahidi amefika. Mwenyewe ameketi tu, anatazama sakafu. Na hujasikia hata siku moja mtu akisema kijana huyo anaringa, kwa sababu msemaji ametumwa, na hiyo ndiyo kazi yake. Nikavuta kiti hadi magoti yetu yakagusana.

"Mimi ndiye msemaji wako," nikamwambia. "Wewe andika ninachosema."

"Lakini Shosho, wewe hujui kitu ya maabara."

"Nitauliza, utanijibu, halafu nitasema. Hiyo friji ilikuwa na nini?"

Ndipo nikaisikia kwa mara ya kwanza. Pale maabara, kila Jumatatu walikuwa wanakuta vipande vya viazi walivyohifadhi vimeharibika. Wenzake wakasema ni viazi vibaya, vya wakulima wachafu, vitupwe. Yeye hakukubali. Jumamosi moja alienda chuo peke yake, akaketi kando ya friji na kitabu chake tangu asubuhi. Saa nane mchana akaingia askari wa zamu, akachomoa waya wa friji, akachomeka birika lake la chai. Alipomaliza akaondoka na birika, na waya wa friji akauacha sakafuni. Kumbe ndivyo ilivyokuwa kila wikendi, na Jumatatu alfajiri mfagiaji huuchomeka tena bila kumwambia mtu. Mjukuu wangu hakumshtaki mzee wa watu. Alimwonyesha soketi nyingine. Lakini alirudi kwa mwalimu akamwambia kazi ya miezi mitatu haina ukweli, irudiwe yote. Na aliyeirudia ni yeye, shamba kwa shamba, na jembe dogo na mifuko.

Nilicheka hadi mwenye duka akachungulia. Halafu nikakasirika.

"Na haya yote ulikuwa umeyaweka wapi miezi yote hiyo?"

"Ungesema naringa."

Ni kweli, ningesema hivyo hivyo. Nikageukia ile kazi. "Andika," nikamwambia. "Huyu msichana ana macho. Wengine waliona viazi vibaya, yeye akaona waya. Andika. Huyu msichana akikuta kazi yake si ya kweli anaibomoa mwenyewe, hangoji kushikwa. Andika pia anaongea na wakulima na wanamwambia siri zao, kwa sababu alilelewa na mmoja wao." Vidole vikaanza kukimbia. Nilikuwa nasema nimesimama sasa, viatu vya kanisani vimetupwa kando, na mkwe wangu ameacha vitabu vyake vya dukani anaongeza pale niliposahau: kwamba ndiye aliyewafundisha wadogo zake hesabu, kwamba alipokuwa darasa la sita alizika viazi vyangu vilivyonyauka ndani ya mikebe mitatu aone ni udongo upi unaua. Hiyo hata mimi nilikuwa nimeisahau. Wakati ule nilimchapa kwa kuharibu mikebe.

Mkwe wangu akainama kusoma kilichoandikwa, akaangua kicheko. "Mum, ameandika hivi, 'nyanya yangu anasema kwamba mimi nina macho.'"

"Toa nyanya," nikamwambia.

"Lakini ni wewe umesema."

"Sikiliza. Msemaji akimaliza maneno yake yote, kuna wakati msichana huulizwa na wazee, hiki kinywaji tunywe? Na lazima ajibu kwa mdomo wake, wote wasikie, ama shughuli haiendi mbele. Hapo hakuna wa kumsemea. Mimi nimemaliza. Sasa umeulizwa wewe."

Alinitazama. Halafu akaanza juu kabisa, akaenda mstari kwa mstari akinitoa. Midomo yake ilikuwa inatembea, mimi nimefanya hivi, mimi nilikataa hivi, na shingo yake ikawa inanyooka.

Ilipofika saa sita kasoro dakika nane, akabonyeza. Kukawa na kiduara kinachozunguka, kinazunguka tu. Kikatokea kialama cha kijani. Mkwe wangu akapiga kelele hata mama mmoja aliyekuwa akichagua mashuka akauliza kama bei imeshuka. Mwenye duka akasema alhamdulillahi. Mimi nikaanza kutafuta viatu.

Tulingoja wiki saba. Nilijifanya sihesabu, lakini kila simu ikilia niliuliza ni nani. Siku ilipofika nilikuwa nachagua maharagwe uani, akaingia kwa lango akikimbia, ananyoosha simu tu kama mtu anayeomba msaada. Wamemchukua. Nilimwamuru anisomee barua yote, kisha aisome tena kwa Kiswahili. Walisema wamependa ile habari ya birika, na kwamba siku ya kwanza asimame awaeleze wenzake. Mimi, ambaye hata harusini huwaachia wengine, nilipiga vigelegele hadi jirani zetu wakaja langoni.

Jirani mmoja, mama tunayesali naye, akampa mkono mjukuu wangu akamwuliza amewezaje, maana mtoto wake pia ni wa sayansi. Na huyu msichana, baada ya hayo yote, akainamisha kichwa. "Ni bahati tu," akasema, "hata sijui walinichaguaje." Baba yake naye, mwanangu mwenyewe, akadakia kwamba huyu "mama" yake mdogo alizaliwa na nyota. Nikaenda jikoni kuyabandika maharagwe, na watu wa nyumba wote wakanifuata, wakicheka, kana kwamba mambo yameisha.

Nikaweka mwiko chini. "Hakuna mtu wa nyumba hii atakayesema tena ni bahati," nikawaambia. "Wewe, rudi langoni kabla huyo mama hajaondoka. Mweleze kazi uliyoifanya, mwanzo hadi mwisho, na umwangalie usoni, mtoto wake anangoja hayo maneno. Na nyinyi wengine wote tokeni hapa mkamsikilize. Maharagwe nitayaangalia mimi."