Hakuna Vimelea

Nilikuwaga mpima damu katika hospitali moja pale Musoma, miaka ile watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Zahanati za mbali zilituletea damu iliyopakwa kwenye vioo. Naangalia kwa darubini, naandika jibu, karatasi inarudi na basi. Nilikuwa na tabia ya kuongeza mstari chini: rudieni kupima, au mleteni huku haraka. Siku moja daktari wetu akaniita mbele ya manesi. "Ndugu, wewe pima. Kutibu niachie mimi." Manesi wakacheka, nami moyoni niliwaka. Nikajiapiza sitaongeza hata nukta.

Wiki ya pili kikaja kioo kutoka Bugwema, kina jina la mdogo wangu wa kike. Homa siku sita, na tabibu wa zahanati ameandika kwamba mgonjwa ameshameza klorokwini. Sasa, mtu akitangulia kumeza dawa kidogo, vimelea vya malaria vinaweza visionekane na ugonjwa bado umo mwilini. Hilo nililijua vizuri sana. Niliangalia, sikuona kitu. Nikaandika "Hakuna vimelea", nikagonga muhuri. Nilijiambia Jumamosi nitakwenda mwenyewe, nitawaeleza kwa mdomo. Hasira hasara, wanasema, na mimi hasira yangu niliipeleka kwa mtu asiyehusika.

Jumamosi nilikuta kwao watu wamekaa chini uani. Walikuwa wamemzika jana yake, hapo hapo kando ya nyumba. Shemeji yangu, mume wake, alinishika mkono, akanishukuru. Ndiyo, alinishukuru. Alisema karatasi yangu iliwafungua macho: kama hospitali imesema hakuna, basi huo ni mkono wa mtu. Wakaacha zahanati, wakampeleka kwa mganga wa kienyeji. Na mchawi alishapatikana, bibi mmoja jirani. Walimchomea nyumba, akaondoka kwa miguu, hakuna anayejua yuko wapi.

Nikamweleza shemeji. Ile "hakuna" yangu haikuwa na maana kwamba hana malaria. Alitakiwa kupimwa tena kesho yake, na tena, na kuletwa Musoma.

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Sasa shemeji," akasema, "mbona hukuandika?"

Nilimfikiria daktari, na manesi walivyocheka. Nikaona aibu kuyataja hayo mbele ya kaburi lile. Nikamwambia nilisahau.