Mimunt Alivyomsimamisha Mumewe Njiani

Wifi yangu Mimunt, mke wa kaka yangu Mohand, aliletwa Rotterdam akiwa bi harusi, kutoka kijijini kwetu nyuma ya Nador. Hana makeke. Husafisha madarasa ya shule na kulea watoto wake watatu. Lakini kiangazi kikifika, tukitaka kwenda nyumbani Moroko kwa gari, yeye ndiye jemadari. Huchemsha mayai, hukaanga kababu, huweka nguo za kubadilisha karibu na mlango na mfuko wa kutapikia chini ya kila kiti. Zawadi za ukoo mzima hufungwa juu ya gari, maana kwetu mtu harudi mikono mitupu.

Mwaka ule nilimkuta anafunga mikate huku midomo ikisoma dua.

"Wifi, una nini?"

Akatazama mlangoni kwanza. "Mwaka jana, kule Hispania, kaka yako alisinzia kwenye usukani. Gari likaanza kwenda pembeni, nikapiga kelele. Watoto wamelala nyuma."

"Yeye akasemaje?"

"Eti alikuwa anatafuta stesheni ya redio."

Nawajua wanaume wetu. Kule kijijini, hata salamu hazijaisha, wanaulizana nani kafika bila kulala njiani. Aliyelala hotelini huchekwa mpaka siku ya kurudi. Mimunt alikwisha kumwomba mumewe walale, akajibiwa, "Sisi ni watalii?"

Basi akatunga lake. Akanunua matikiti maji. Mtoto akila tikiti hana subira ya mkojo; gari litasimama, na baba atapumzika.

Tulitoka kwa magari mawili, mimi nikipanda la mdogo wetu Allal. Ufaransa nzima ikawa tikiti na mkojo. Kila kituo Nawal, binti yao mkubwa, anashuka mbio, na mdogo wake Anir keshajilowesha. Allal akacheka, "Kaka, umepakia watoto au mabomba yanayovuja?"

Mzaha ule ulimchoma Mohand. Badala ya kupumzika, kila tukiondoka alizidisha mwendo afidie muda, aiwahi meli ya kutuvusha bahari kutoka bandari ya Almeria. Hila ya Mimunt ikamgeukia.

Tukaingia Hispania, jua la mchana linawaka. Mbele yetu gari lao likavuka mstari taratibu, likarudi, likavuka tena. Nikatoa shahada. Allal akapiga honi bila kuachia, mpaka likaingia kituo cha mafuta.

Mohand alikwenda kunawa uso. Aliporudi, Mimunt alikuwa amesimama nje, mtoto mchanga mgongoni, ufunguo mkononi.

"Lete ufunguo."

"Lala kwanza, baba Nawal."

"Meli itatuacha!"

"Na ituache."

"Mbele ya ndugu zangu, Mimunt?"

"Mbele yao. Nilikwambia faraghani, hukusikia." Akautia ufunguo kifuani.

Allal akaanza kucheka. Nikamwambia, "Nyamaza, baba. Saa hizi ungekuwa unatafuta sanda."

Mohand akajilaza kwenye kivuli cha lori, akakoroma mpaka jua likapoa. Meli ikaondoka, tukavuka na iliyofuata.

Allal hakuweza kujizuia, akapiga simu nyumbani. Tulipofika wanaume wakampokea kaka, "Karibu, uliyenyang'anywa ufunguo!" Akacheka nao, ila kwa mkewe akanuna. Akawa anamsemesha kwa kupitia mtoto.

"Nawal, mwambie mama yako chumvi imezidi."

"Mama, chumvi imezidi."

"Mwambie nimesikia."

Mimunt alikonda likizo ile. Mara nyingi nilimkuta kwenye mkeka, sala imekwisha, yeye bado kakaa. Nami nilimwomba Mwenyezi Mungu ailainishe mioyo yao, kwani njia ya kurudi ni ileile.

Siku ya kufunga mizigo, Mohand akasimama mlangoni pa jiko. "Nawal, muulize mama yako safari hii tutalala mji gani."

Mimunt alikuwa anakanda unga. Mikono ikasimama. "Mwambie aje aniulize mwenyewe."

Mohand akatoka. Akazunguka ua, akarudi, akasimama palepale. Nikamshika Nawal mkono, nikatoka naye nje.