Kahawa Iliyokatwa

Cucu yangu, mama ya mama, haoni. Macho ilianza ukungu nikiwa darasa la sita, na wakati naacha shule kidato cha pili ilikuwa imeisha kabisa. Kwa hivyo hapa kwetu Runyenjes macho yake ni mimi, na mdomo ninao, uliza mtu yeyote.

Shuleni tulifunzwa tashbihi tukiimba: mweupe kama theluji, mrembo kama malaika. Kwa cucu hiyo haikufanya kazi. Tulinunua mbuzi, akauliza anakaa aje, nikasema mweupe kama theluji.

"Theluji umeshika wapi?"

"Si iko pale juu mlimani, cucu?"

"Nimeuliza umeshika wapi. Nipe kitu ya hapa nyumbani."

Nikaangalia mbuzi vizuri. Nikamwambia anakaa kama unga ya mahindi yenye imemwagika chini ikaokotwa na vumbi yake. Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, huyo sasa nimemwona." Mwalimu wangu wa tashbihi ni huyo.

Mama yuko Arabuni, anafanyia watu kazi ya nyumba. Aliondoka cucu akiwa bado anaona. Kuna mwanamke sokoni aliniambia ati mama alitusahau. Nilimmwagia maji ya kuosha viazi mbele ya wateja wake, na msamaha sijaomba, sitaomba.

Mama hupiga simu Jumapili, sauti tu. Siku moja nikambembeleza mpaka akakubali tuonane kwa video. Tulikuwa tumekaa nje na cucu. Uso ikatokea, nikasogeza simu karibu. Mashavu imeingia ndani. Shingo, mifupa tu.

Cucu akanishika mkono. "Anakaa aje?"

Mama, kule kwa simu, akaweka kidole kwa mdomo wake: usiseme.

"Mrembo kama malaika," nikasema haraka.

Cucu akanifinya. "Malaika umeshika wapi? Huyo ni mtoto wangu. Niambie anakaa aje!"

Nimlinde nani sasa? Mmoja ananiangalia, mwingine amenishika.

"Anakaa kama kahawa yenye tulikata," nikasema. "Ile ya kando ya choo. Imebaki kisiki."

Mama akafunika uso. Cucu hakulia. Kahawa ikizeeka sisi hukata mti wote, tunaacha kisiki, tunangoja. Yeye ndiye alinionyesha pa kupitisha msumeno, kwa vidole.

"Imechipuka?" akauliza.

"Mama, toa mikono. Hebu cheka kidogo."

Mama akacheka, machozi ikiteremka, na ule mwanya wake ukatokea, ule nilikuwa naweka kidole nikiwa mdogo.

"Imechipuka, cucu. Kidogo, lakini imechipuka."

Mkono wangu ukaachiliwa. Cucu akainamia simu. "Basi rudi, mwanangu. Hiyo si udongo yako."

Mama akasema atajaribu. Bado anajaribu.

Siku hizi cucu huniambia nimpeleke pale kando ya choo kila jioni, apapase machipukizi. Imemfika kiunoni. Jumapili iliyopita nilimwambia mama, naye akauliza, "Na zinakaa aje?"

Nikafungua mdomo wangu huu mrefu. Nikatafuta 'kama' ya kumpa, nikakosa.

"Kuja uone," nikamwambia.