Daktari Asiyekodoa Macho

Mpaka leo, naye ni mama wa watoto wawili, akimkumbuka yule daktari aliyemtibu usichanani humwona akiisukuma miwani iliyomteleza puani. Alikuwa msichana wa sekondari wakati mkono wake ulipoanza ghafla kurukaruka na kinywa kutoa maneno asiyoyataka. Nyumbani walimkodolea macho, mama yake akiubana mkono usiruke. Shuleni walisema anajitia mgonjwa. Daktari yeye alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiye na haraka. Mkono uliporuka, aliendelea kumuuliza habari za masomo kana kwamba ni nzi tu amepita, kisha akamfundisha kushusha pumzi taratibu kila akihisi mkono unataka kuruka.

Siku moja neno likamponyoka: “Beberu wewe!” Mama yake akakurupuka kumziba mdomo.

“Mwache, dada yangu,” daktari akasema. “Tukiyashupalia ndivyo yanavyozidi.” Akamgeukia msichana. “Hujifanyi, mwanangu, wala ubongo wako haujaharibika. Mwili umejifunza njia mbaya ya kutoa wasiwasi, nao utajifunza nyingine.” Akajipapasa kidevuni. “Ila kuhusu beberu, hujakosea. Ndevu ninazo.”

Mama alijikaza, akashindwa, wakacheka wote watatu hadi machozi yakawatoka. Mkono ulikuja kutulia baada ya miezi mingi. Lakini anachokikumbuka zaidi ni jioni ya siku ile ya kicheko, walipokuwa wakirudi nyumbani: mama aliushika mkono wake, na safari hii hakuwa akiuzuia.